Uuze Sasa au Usubiri? Jinsi ya Kupima Ugavi, Mahitaji na Mwelekeo wa Bei ya Mahindi

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, mkulima wa Ruvuma, Rukwa, Songwe au Njombe hulazimika kuamua: mahindi yaondoke sasa hivi kutoka uwanjani, au yaingie ghalani yangoje Januari? Wengi huamua kwa kumsikiliza jirani au dalali. Dalali anajua anachokitafuta, na si lazima kikufae wewe. Uamuzi huu unaweza kupigiwa hesabu kwa daftari, kalkuleta ya simu na watu watatu au wanne wa kuwapigia katika masoko mbalimbali.

Mwongozo huu unawafaa wakulima wenye magunia 20 na kuendelea, vikundi, AMCOS (vyama vya ushirika vya kilimo na masoko) na wafanyabiashara wadogo wa nafaka. Bei na gharama zote zilizomo ni za mfano tu. Weka za kwenu za wiki hii. Cha kushika tangu mwanzo ni kwamba bei ya kijijini haizaliwi kijijini. Inaamuliwa na mnunuzi wa mwisho, awe Nairobi, Dar es Salaam, Lubumbashi au NFRA (Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula), baada ya kutoa gharama zote za njiani.

Geuza kila bei iwe ya kilo, tena kilo kavu

Makosa mengi huanzia hapa. Gunia la Tanzania ni kilo 100, la Kenya ni kilo 90. Debe la lita 20 hubeba kilo 16 hadi 18 kutegemea ukubwa wa punje na unyevu. Gorogoro la Kenya ni takriban kilo 2. Mtu akikwambia "Nairobi gunia ni hivi, kwetu ni hivi" bila kugeuza kuwa kilo, ulinganisho wake hauna maana.

Lumbesa ndiyo inayoumiza zaidi. Ukipewa shilingi 50,000 kwa "gunia" linaloshindiliwa debe saba za kilo 17, umetoa kilo 119. Bei yako ni shilingi 420 kwa kilo, wala si 500. Pima kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na ikibidi kikundi kichange kinunue mizani yake. Msimu mmoja wa kukwepa lumbesa unaweza kuilipia.

Unyevu nao ni bei. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13.5 hubaki kilo 94.8: toa 18 kwenye 100 upate 82, toa 13.5 kwenye 100 upate 86.5, kisha gawa 82 kwa 86.5. Kwa hiyo anayenunua mahindi mabichibichi kwa shilingi 450 ni sawa na anayenunua makavu kwa shilingi 475. Kukausha kunalipa iwapo tu bei ya makavu inazidi 475 pamoja na kibarua cha kuanika.

Kama huna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza mahindi robo, weka kijiko kikubwa cha chumvi iliyokaushwa kabisa, tikisa kwa dakika moja na uache itulie dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, yako chini ya 15, lakini huenda bado hayajafika 13.5. Ongeza siku mbili tatu za jua juu ya turubai, si juu ya udongo.

Jua nani anavuna lini

Nyanda za Juu Kusini hupanda Novemba na Desemba na kuvuna kuanzia Mei hadi Agosti. Mikoa ya kaskazini, ya pwani na ya Kanda ya Ziwa ina misimu miwili: mahindi ya vuli hutoka Januari na Februari, ya masika Julai na Agosti. Uganda huvuna Juni–Julai na tena mwishoni mwa mwaka. Kapu la mahindi la Kenya, yaani Trans Nzoia na Uasin Gishu, hupanda Machi na Aprili, likavuna Oktoba hadi Desemba.

Andika kalenda hiyo ukutani, kwa sababu ina siri kubwa ya bei. Njaa ya Kenya ya mahindi huwa kali kati ya Aprili na Agosti, wakati akiba ya North Rift, yaani ukanda huo wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, imekwisha. Huo ndio wakati wa mavuno ya Tanzania. Ikifika Novemba, magari ya Kitale na Eldoret yanaingia Nairobi na Mkenya hahitaji tena mahindi ya mbali kwa bei yoyote. Anayehifadhi Songea akisubiri "soko la Kenya la Desemba" anangojea mnunuzi ambaye wakati huo ana mahindi yake. Kuanzia Oktoba hadi Februari tegemeo huwa zaidi Dar es Salaam, mikoa yenye upungufu kama Dodoma, Singida na Shinyanga mwaka unapokuwa mbaya, na kusini kupitia Tunduma na Kasesya.

Mteremko wa mwisho huja mahindi mabichi yanapoanza kuchomwa barabarani, Februari hadi Aprili. Familia nyingi huacha kununua sembe hata kabla shamba halijakauka. Mwenye akiba kubwa asifike hapo nayo.

Tengeneza mizania ya eneo lako

Mizania ni kujumlisha kilichopo na kutoa kinachotumika. Takwimu za taifa husaidia, ila zisome kwa uangalifu. Uwiano wa utoshelevu wa chakula unaotangazwa na Wizara ya Kilimo unajumlisha nafaka pamoja na mihogo, viazi, ndizi na vinginevyo. Uwiano unaweza kuwa mzuri huku mahindi yenyewe yakiwa machache, au mengi kupita kiasi. Ndiyo maana inafaa kufanya mizania ya wilaya ya zao moja.

Tuchukulie wilaya yenye watu 300,000, ekari 60,000 za mahindi na mavuno ya tani 75,000, na tani 4,000 zilizobaki mwaka jana. Kwa chakula, tumia kilo 90 kwa mtu kwa mwaka, kadirio ambalo hata wapangaji wa Kenya wamelitumia kwa muda mrefu, gunia moja kwa kila mtu. Hiyo ni tani 27,000. Mbegu, kilo 10 kwa ekari, ni tani 600. Chakula cha mifugo na pombe, weka 3,000. Hasara baada ya kuvuna, asilimia 12, ni tani 9,000. Jumla ya matumizi ni tani 39,600. Toa kwenye tani 79,000 zilizopo: ziada ni tani 39,400.

Sasa igeuze ziada hiyo kuwa magari. Kwa lori la tani 30, ni malori 1,313. Nenda kwenye geti la ushuru wa mazao la halmashauri, au muulize anayekaa pale, malori mangapi ya mahindi yanatoka kwa siku. Yakitoka 12, ziada itakwisha kwa siku 109. Kama yalianza katikati ya Julai, mwanzoni mwa Novemba ghala za wilaya zitakuwa zimebaki na chakula cha wenyewe tu, na bei itapanda mapema. Yakitoka 5 kwa siku, utakuwa na ziada hadi Aprili ambapo mazao mapya yanakaribia, na kusubiri ni hatari. Rudia hesabu hii kila mwisho wa mwezi. Kasi ya malori inasema ukweli ambao makadirio ya mavuno hayausemi, kwa kuwa makadirio hayafanywi upya kila mwezi.

Kwa picha ya taifa, Benki Kuu ya Tanzania huchapisha kila mwezi taarifa ya uchumi yenye jedwali la akiba ya NFRA. Linganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana. Akiba ikiwa kubwa mno mwezi Juni, NFRA haitanunua kwa pupa. Ikiwa ndogo, itakuwa mnunuzi mkubwa Julai hadi Oktoba.

Usisahau mizania ya jirani. Zambia ilivuna takriban tani milioni 3.2 mwaka 2023. Ukame wa El Niño (joto la Bahari ya Pasifiki linalobadili mvua) ukashusha mavuno ya 2024 hadi takriban milioni 1.5, nchi ikatangaza janga la taifa mwezi Februari, na baadaye mwaka huohuo NFRA ikaingia makubaliano ya kuiuzia tani 650,000. Mwaka 2025 Zambia ikavuna zaidi ya tani milioni 3.6. Ndani ya miezi kumi na miwili mnunuzi mkubwa wa Rukwa na Songwe akawa mshindani wake. Aliyehifadhi mahindi ya 2025 akitumainia Tunduma irudie mambo ya 2024 alikuwa amesoma mizania ya mwaka uliopita. Makadirio ya mavuno ya Zambia hutangazwa wakati Nyanda za Juu Kusini zinaanza kuvuna, kwa hiyo nafasi ya kuyasoma ipo.

Rudi nyuma kutoka kwa mnunuzi wa mwisho

Piga simu kwenye soko la mwisho upate bei ya jumla ya leo. Mtandao wa RATIN wa Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki, EAGC, huonyesha bei za masoko ya kanda, na Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa bei za jumla za mikoa ya Tanzania. Hakiki na mtu aliyepo sokoni, maana bei iliyochapishwa inaweza kuwa ya wiki iliyopita.

Tuseme kiwanda cha unga Nairobi kinapokea kwa shilingi 4,050 za Kenya kwa gunia la kilo 90. Hiyo ni 45 kwa kilo. Kwa kubadilisha shilingi moja ya Kenya kwa 20 za Tanzania, ni 900. Anza kutoa kwa kila kilo:

- nauli kutoka Makambako: 130
- kupakia na kushusha: 10
- mfuko: 10
- ushuru wa halmashauri: 15
- vibali, vipimo na gharama za mpakani: 25
- kupungua uzito njiani, asilimia 1: 9
- riba ya fedha na faida ya mfanyabiashara: 60

Jumla ni 259. Inabaki 641, bei ya juu kabisa ambayo mfanyabiashara makini anaweza kulipa Makambako. Toa tena gharama ya kuyafikisha kutoka kijijini kwako. Fanya hivyo kwa Dar es Salaam, kwa Tunduma na kwa kituo cha NFRA kilicho karibu. Jibu kubwa kuliko yote ndilo dari la bei yako.

Ukikuta dari ni 641 na kijijini wanatoa 480, usikimbilie kusema unaibiwa. Chunguza: je, magari yamekwama mpakani? Kuna wanunuzi wawili tu wanaoelewana? Au bei ya Nairobi uliyopata ni ya mahindi yaliyopimwa sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu), na yako hayajapimwa? Kila sababu ina dawa yake. Kwa wanunuzi wawili wanaoelewana, dawa ni kukusanya tani 30 kama kikundi na kumwita mnunuzi wa tatu ajaze lori zima mahali pamoja.

Kiwango cha kubadilisha fedha kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Katika mfano huu, shilingi ya Kenya ikishuka kutoka 20 hadi 18, zile 900 zinakuwa 810. Shilingi 90 za kila kilo zimeyeyuka bila gunia hata moja kuongezeka sokoni. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa kinyume: shilingi ya Kenya ilipata nguvu, kutoka karibu 160 kwa dola Januari hadi karibu 130 mwezi Machi, na bidhaa ya Tanzania ikaonekana rahisi Nairobi.

Piga hesabu ya kusubiri

Bei kupanda peke yake hakutoshi. Inatakiwa ipande kuzidi gharama. Tuchukue gunia la kilo 100 wakati bei ni 500 kwa kilo, likihifadhiwa miezi mitano katika mfuko wa PICS, wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Thamani yake ni 50,000. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi, hata kama fedha si za mkopo (zingelipa ada au mbolea), ni 5,000. Ghala 500 kwa mwezi ni 2,500. Mfuko wa 6,000 utakaotumika misimu miwili ni 3,000. Kubeba ni 1,000. Jumla 61,500. Ukipoteza asilimia 2 ya uzito unauza kilo 98, hivyo bei ya kurudisha gharama ni shilingi 628 kwa kilo. Bei isipopanda kwa zaidi ya asilimia 25, ungeuza Julai ukapumzika.

Kwa mfuko wa kawaida wa 1,000, gharama inashuka hadi 59,500, lakini dumuzi na fukusi wakila asilimia 10 unabaki na kilo 90, na bei ya kurudisha gharama inakuwa 661. Mfuko wa bei rahisi umekugharimu zaidi, na hapo bado mnunuzi hajakukata kwa sababu ya punje zilizotobolewa.

PICS hufanya kazi kwa kunyima wadudu hewa, kwa hiyo makosa mawili huiharibu. La kwanza ni kuweka mahindi yenye unyevu: wadudu hufa, lakini ukungu unaweza kuendelea. La pili ni tundu. Ondoa vipande vya magunzi, kagua mifuko miwili ya ndani kwa kuipuliza, jaza, kamua hewa, sokota shingo ya kila mfuko peke yake, ikunje na uifunge kwa kamba. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, na uzuie panya. Usiweke vidonge vya kufukizia ndani yake. Havihitajiki, na gesi yake huua watu.

Mpaka unaweza kufungwa kabla ya lori lako kufika

Tanzania ilizuia kuuza mahindi nje mwaka 2011, ikazuia tena 2017, na 2023 ikakaza masharti ya vibali. Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda tarehe 5 Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa sharti la cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mara nyingi zuio la Tanzania hutanguliwa na dalili: bei ya unga Dar inapanda kwa wiki mfululizo, vuli imeharibika, na viongozi wanaanza kusema wakulima wasiuze chakula chote. Ukiziona tatu hizo pamoja, punguza mzigo ulioutegea mpaka.

Upande wa Kenya, angalia tangazo la kuondoa ushuru. Mahindi ya kutoka nje ya jumuiya za kanda hutozwa ushuru wa asilimia 50, ndiyo maana bei ya dunia haitufikii moja kwa moja. Kenya ikiondoa ushuru huo, dari lako la Nairobi linashuka hata kabla meli haijatia nanga Mombasa, kwa kuwa wenye viwanda huacha kununua wakisubiri. Tena mahindi mengi ya dunia ni ya njano. Taarifa ya Wizara ya Kilimo ya Marekani inayotoka kila mwezi isome kwa ajili ya chakula cha kuku. Kwa mahindi meupe, bei ya soko la bidhaa la Johannesburg inakuambia zaidi.

Sumukuvu ichukulieni kwa uzito kuliko bei. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyoota ukungu hayastahili kuuzwa, hata kwa anayeyataka.

Mvua: soma kwa ramani

El Niño kwa kawaida huongeza mvua za vuli Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania, na hukausha Zambia, Malawi na Zimbabwe. La Niña, yaani bahari hiyo inapopoa, hufanya kinyume. Misimu mitano ya mvua iliyofeli kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 kaskazini mwa Kenya na Somalia ilienda nayo. Kwa mwenye ghala Nyanda za Juu Kusini, El Niño inaashiria soko la kusini na La Niña soko la kaskazini. Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) hutolewa kabla ya kila msimu. Bei huanza kusogea utabiri unapotoka, na husogea zaidi Desemba, watu wanapoona wenyewe kama mahindi yameshika.

Uza kwa mafungu

Hakuna hesabu inayotoa uhakika, kwa hiyo gawa mzigo. Tenga kwanza chakula cha nyumbani hadi mavuno yajayo na mwezi mmoja wa ziada. Kwa kinachobaki, uza theluthi wakati wa mavuno kulipia madeni, ada na mbolea. Theluthi ya pili itoke bei inapovuka ile ya kurudisha gharama kwa angalau asilimia 10, mwezi wowote ule. Ya tatu ingoje Desemba hadi katikati ya Februari, na baada ya hapo itoke kwa bei iliyopo. Andika bei hizi mwezi Julai, kichwa kikiwa kimetulia. Bei zinapopanda kila mtu huamini zitapanda zaidi.

Mizania ikionyesha ziada kubwa, vibali vinasuasua na Zambia imevuna vizuri, geuza uwiano: uza theluthi mbili mapema. Dari likiwa juu ya bei ya kijijini kwa zaidi ya 150 na malori yanaongezeka kila wiki, punguza fungu la kwanza hadi kiasi cha kulipa madeni tu.

Mpunga na ngano

Mpunga uhifadhi ukiwa na maganda. Huvumilia wadudu kuliko mchele. Linganisha bei ukikumbuka kuwa kilo 100 za mpunga hutoa kilo 60 hadi 67 za mchele kutegemea mashine na ukavu, na mpunga uliokauka kupita kiasi hukatika kinuni. Mchele unaoingia Tanzania kutoka nje ya jumuiya za kanda hutozwa ushuru wa asilimia 75, kwa hiyo hapa pia msamaha wa ushuru ndio wa kuogopwa.

Ngano ni kinyume cha mahindi. Tanzania na Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano zao, kwa hiyo mkulima wa Hanang au Narok aanze na bei ya ngano ya Bahari Nyeusi (Urusi na Ukraine) kwa tani, aongeze meli, bima, ushuru na gharama za bandari hadi mlango wa kiwanda, kisha atoe nauli yake mwenyewe kutoka shambani. Ukikuta bei ya soko la Chicago kwa busheli, busheli moja ya ngano ni kilo 27.2; zidisha bei hiyo kwa 36.74 upate bei ya tani.